Gari Lisiloulizwa

Suleiman Hamadi Mwachirumu alitoka Ukunda adhana ya magharibi ikikaribia. Nyuma ya gari alikuwa na nusu gunia la mchele, dumu la mafuta ya taa, na doti mbili za leso alizoagizwa na mkewe, Twaiba. Leso zilikuwa za mtoto. Twaiba alikuwa katika mwezi wake wa tisa, na baada ya mimba mbili kuharibika, nyumba nzima pale Gazi ilikuwa ikinong'ona badala ya kusema, kana kwamba sauti kubwa ingemshtua huyu wa tatu akakimbia.

Mara ya kwanza Twaiba alipelekwa hospitali Msambweni kwa baiskeli. Mara ya pili lilikuja lori la mchanga, nalo lilichelewa. Safari hii, Suleiman aliapa, kutakuwa na gari mlangoni. Alikuwa ameendesha mabasi ya hoteli kule Diani tangu ujana wake, hadi zile ghasia za mwaka tisini na saba zilipowafukuza wageni na hoteli ikawaaga madereva wake. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa ndani ya stesheni wagoni hii nyeupe. Ilikuwa na wiki moja tu mikononi mwake.

Dereva mzoefu hutupia mita jicho bila kujijua. Pale Ukunda, wakati wa kuondoka, mita ya kilomita ilisoma elfu arobaini na nane na ushei. Alipopita Mwabungo aliitazama tena.

Elfu hamsini na tatu.

Akaigonga kwa kidole. Akadhani macho yake yamechoka. Akapunguza mwendo, akasikiliza... Ndani ya dashibodi palikuwa na sauti ndogo, krr, krr, krr, kama mende ndani ya kasha. Tarakimu zilikuwa zikigeuka. Gari lilikwenda polepole kama mkokoteni, na tarakimu zilikwenda mbio.

Kisha ikaja harufu. Hakuwa na shaka nayo, kwa sababu ilikuwa harufu ya kazini kwake kwa miaka mingi: dawa ya kung'arisha mashuka, ile inayochoma pua ukipita nyuma ya hoteli kwenye chumba cha kufulia. Na chini ya dawa, kitu kingine. Damu.

"Tumefika?"

Sauti ya mwanamke. Imechoka. Kiswahili chake cha bara.

Suleiman alifunga breki katikati ya barabara. Aligeuka. Mchele upo. Dumu lipo. Lakini doti moja ya leso ilikuwa imefunguliwa, imetandikwa vizuri juu ya kiti cha nyuma, na katikati yake palikuwa pamebonyea.

Hapakuwa na mtu.

Alipofika Gazi mita ilisoma elfu sitini na moja. Alizima gari, akakaa ndani akiwa ameshika usukani, na woga wake ukaanza kugeuka hasira. Kilomita hazizaliwi. Hizi zilikuwa zinarudi, na mtu aliyezitoa alikuwa na jina.

*

Jina lake lilikuwa Nassir Abdurahman Makame, mwenye yadi ya magari Ukunda.

Gari hili Suleiman hakuliona kwanza yadini. Aliliona kwenye karatasi. Johnstone Wafula, karani wa mapokezi kwenye hoteli yao ya zamani, alikuwa na kompyuta iliyounganishwa na intaneti, na madereva waliokwisha kuachishwa kazi walikuwa wakimzunguka mchana kutwa wakimwomba awafungulie kurasa za magari ya Japani.

"Buda, ona hii," Johnstone alisema. "Owner mmoja, mzee wa Japani. Kilomita forty-eight thousand. Imeshafika Mombasa, na iko na agent hapa Ukunda."

"Utajuaje kama ni kweli?"

"Si ni mashine imesema! Mashine itakudanganya ipate nini?"

Suleiman, aliyekuwa akishuku hata mizani ya muuza nyama, alilikubali neno hilo. Karatasi ilitoka kwenye mashine ikiwa na joto, ina picha ya rangi na namba, na hapakuwa na uso wa mtu ndani yake wa kuutazama ukajua anaficha nini. Alipokwenda yadini, akaona raba mpya za pedali na bamba jipya la usajili, alikuta yote yameshakubaliana na karatasi. Hakupapasa chuma chini ya raba. Jambo hilo lilikuja kumwuma baadaye kuliko fedha.

Na kulikuwa na kosa kubwa zaidi.

Kwa akina Mwachirumu, chombo kilichotumika hakiingii nyumbani bila kuulizwa. Kiwe kitanda, kiwe baiskeli, kiwe cherehani. Anayekiuza huja nacho mwenyewe, huketishwa mkekani, na mkubwa wa nyumba humwuliza mbele ya kila mtu: kimembeba nani? Nani amekifia? Nani ameachwa akikililia? Mwuzaji hujibu, kisha husema, "Nimekitoa mimi, na walio wangu wamekitoa." Ndipo ubani hufukizwa na nazi ikavunjwa.

Siku gari lilipoingia, mama yake Suleiman, Bi Mwanapili Omari, alitandika mkeka na kungoja.

"Yuko wapi wa kujibu?"

Suleiman alicheka. "Mama, limetoka ng'ambo. Mjapani aje Gazi kukaa mkekani?" Akamsomea karatasi, mmiliki mmoja na kilomita zake chache. "Hakuna wa huku aliyewahi kulipanda."

Bi Mwanapili aliutazama mkeka mtupu kwa muda. "Haya. Tumsamehe Mjapani," akasema, na nazi ikavunjwa.

*

Jioni hiyo ya leso, Bi Mwanapili hakuhitaji kuambiwa. Alilizunguka gari mara moja, akasimama kwenye mlango wa nyuma, akaziba pua kwa ncha ya mtandio.

"Suleiman. Hili gari lina mtu."

"Najua, mama."

"Mzazi huyu. Nasikia damu ya uzazi." Akashusha sauti, akatazama dirisha la chumba alicholala Twaiba. "Nawe unataka kumpakia mkeo humu."

"Sitampakia."

"Utampakia. Usiku wa uchungu una gari jingine hapa Gazi?" Alimshika mkono kwa nguvu ambayo hakuitarajia. "Nenda kamlete aliyeliendesha. Aje akae, aulizwe, ajibu. Mtu aliyefutwa hatoki mpaka atajwe."

*

Kesho yake alasiri Suleiman aliliegesha gari katikati ya yadi, akaliacha mlango wazi. Kulipopambazuka alikuwa amechokonoa raba ya pedali ya klachi kwa kisu. Chuma chake kilikuwa kimelika na kung'aa kama sarafu, kama pedali za teksi.

Nassir Abdurahman Makame alitoka ofisini na kikombe cha kahawa. Alikuwa mtu wa kanzu safi na maneno laini.

"Bwana Suleiman! Shemeji hajambo? Bado hajatupa habari njema?"

"Limetembea ngapi gari hili, Nassir?"

"Si karatasi unayo?"

"Nakuuliza wewe."

Nassir alicheka, akawatazama vijana waliokuwa wakiosha magari ili nao wacheke. "Mnamsikia? Gari ni kama mke, bwana. Ukishamwoa, ukamweka ndani, usirudi kwa wazee ukalalamika umri."

Vijana walicheka. Suleiman hakucheka. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na hasira yake ilikuwa ya kunyamaza pia. Ilikaa kifuani kama jiwe la kusagia. Alimwendea Nassir, akasema kwa sauti ambayo vijana hawakuisikia.

"Halikutoka Japani. Lilikuwa teksi hapahapa. Nalo lina mwanamke nyuma, wa bara, ananuka dawa ya mashuka. Ananiuliza kama tumefika."

Kikombe kilimtoka Nassir mkononi.

"Ingia," Suleiman akamwambia. "Kaa kiti cha nyuma. Dakika moja tu."

"Siingii."

"Limetembea ngapi?"

"Laki mbili na elfu tatu," Nassir alinong'ona. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. "Nilizirudisha mwenyewe, kwa keekee. Kila mtu anafanya hivyo, Suleiman! Nenda Mombasa, nenda popote. Picha unampa kijana wa kompyuta, anaweka. Nani ananunua gari la laki mbili? Niambie, wewe ungenunua?"

"Na yeye ni nani?"

Simu ya ofisini ililia. Kijana mmoja alitoa kichwa dirishani. Ilitoka duka la Boga, Gazi. Mke wa Suleiman ameshikwa na uchungu, na maji yamekwisha kumwagika. Mama anasema aje sasa hivi.

Suleiman alitazama yadi nzima. Magari yalijipanga kama vitanda hospitalini.

"Nipe gari jingine."

"Betri tumezitoa. Kila jioni tunazitoa, wezi... Fundi wangu Chengo ameondoka na ufunguo wa stoo. Wallahi, Suleiman, sikudanganyi."

"Hunidanganyi," Suleiman alirudia polepole. Kisha akamshika Nassir ukosi wa kanzu, akamvuta, akamwingiza kiti cha mbele kama mtu anayepakia mzigo, na hakuna kijana hata mmoja aliyenyanyua mkono.

*

Gazi walimpakia Twaiba kiti cha nyuma, Bi Mwanapili akakaa karibu na mlango, akimshika mkono. Jua lilikuwa limekwisha kuzama lakini mbingu bado nyekundu. Suleiman hakutaka kuitazama mita. Aliitazama. Laki moja na elfu tisini.

Krr, krr, krr.

Walitokea kwenye barabara kuu, wakashika njia ya Msambweni. Kwa muda hapakusikika ila pumzi za Twaiba, na Nassir akisoma aya chini kwa chini, akikosea, akianza upya.

Twaiba akafumbua macho.

"Mama," alisema, kwa upole wa mtu aliye usingizini, "sogea kidogo. Mwenzangu hana pa kuweka miguu."

Bi Mwanapili hakupiga kelele. Alisogea.

Harufu ikajaa. Dawa ya mashuka... damu... jasho la mtu mwenye hofu. Suleiman aliinua macho kwenye kioo. Alimwona mama yake amebanwa kwenye mlango. Alimwona mkewe. Kati yao palikuwa na nafasi, na kwenye nafasi hiyo kiti kilikuwa kimebonyea.

"Tumefika?" sauti iliuliza.

"Bado, mwanangu," Bi Mwanapili akajibu. "Tuko njiani."

Mbele yao lilionekana daraja la Mkurumudzi. Nassir aliliona, akaanza kupapasa mkono wa mlango.

"Si hapa," alisema. "Suleiman, piga gia, usisimame, si hapa..."

Gari lilizimika.

Halikukohoa wala kukwama. Lilizimika tu, likaserereka, likasimama mwanzoni mwa daraja, na mende wa dashibodi akanyamaza. Laki mbili na elfu tatu. Chini, mto ulisikika ukipita kwenye mawe. Twaiba alilia kwa mara ya kwanza.

"Hapa ndipo uliponishusha," sauti ikasema.

Haikuwa imechoka tena.

Nassir alijifunika uso. Maneno yakamtoka kama matapishi. Ilikuwa mwaka jana. Alikuwa akiendesha mwenyewe, dereva wake mgonjwa. Mwanamke alimsimamisha pale Diani, yuko peke yake, kavaa sare ya hoteli, anasema mtoto anakuja, apelekwe Msambweni. Alimpakia. Njiani alianza kutoka damu. Damu ikaenda kitini.

"Viti vilikuwa vipya, Suleiman. Nilikuwa nimetoka kuvishona. Nikamwambia apumzike hapa kidogo, nikamtafutie gari jingine. Nilikuwa nitarudi..."

"Ulirudi?"

Nassir aliondoa mikono usoni, akautazama mto.

"Asubuhi watu wa shamba walimkuta. Wakamzika hapo juu. Mimi niliosha kiti. Niliosha siku nzima. Nikaona bora nirudishe mita, niweke bamba jipya, liwe... liwe gari jingine. Lisiwe limefika hapa."

Bi Mwanapili aliinama mbele. "Mtaje, Nassir. Sema fulani binti fulani, nimemshusha mimi, nimekosa. Mtaje mzazi wa watu atuachie!"

"Simjui."

"Jina lake!"

"Sikumwuliza! Bi Mwanapili, haki ya Mungu, sikumwuliza jina!"

Twaiba alipiga ukelele, na mkono wake ukashika kitu pembeni yake na kukikaza. Bi Mwanapili alikuwa ng'ambo ya nafasi ile, kwenye mlango.

Suleiman alijua angeweza kumwua Nassir pale. Mikono yake ilitaka. Mtu ameogopa doa kitini kuliko mtu anayekufa, kisha ameifuta safari yenyewe, akaiuza kwa picha ya rangi, na sasa ananyoosha mikono mitupu, hana hata jina. Lakini nyuma yake mkewe alikuwa akilia. Hasira ilimwachia nafasi ya neno moja tu.

"Shuka."

"Usiniache hapa."

"Shuka, Nassir. Kiti chako kina mwenyewe."

Nassir alishuka. Mara miguu yake ilipogusa lami, gari likawaka lenyewe. Mlango wa mbele ukajifunga taratibu, kama unavyofungwa na mtu mwenye adabu. Nassir aligonga kioo, akakimbia pembeni, akaita jina la Suleiman, jina la Mungu, jina la mama yake. Kisha taa zikampita na giza likamchukua.

Kiti cha mbele, kando ya Suleiman, kilibonyea.

Hakutazama. Aliendesha hadi Msambweni akitazama mbele.

*

Mtoto alizaliwa kabla ya isha kwisha, msichana, mwenye sauti kubwa. Twaiba alikuwa mzima. Suleiman alikaa kwenye benchi la ukumbini akalia bila kujificha.

Muuguzi mmoja, Sista Viola, alimjia akipangusa mikono.

"Hongera, baba. Na yule mwingine ni nani kwako? Dada?"

"Mwingine yupi?"

"Mliyekuja naye. Ndiye aliyeingia wa kwanza, wa sare ya hoteli. Alikataa kulala mpaka niandike jina lake. Akanifanya nilitamke mara mbili, nisikosee." Sista Viola alikunja uso. "Nikageuka kuchukua glavu, nilipogeuka tena kitanda kitupu. Shuka limelowa chapachapa. Mzazi wa hali ile hatakiwi kutembea, kwa nini mnamwacha?"

Suleiman alisimama. "Aliitwa nani?"

"Immaculate Mwende Kilonzo."

Bi Mwanapili alilirudia jina hilo kimoyomoyo, herufi zote. Aliwakataza baadaye wasimpe mtoto. Jina hilo, alisema, lina mwenyewe.

*

Nassir alirudi Ukunda kwa miguu, peku, nyayo zimechunika. Hakumweleza mtu. Suleiman alisikia habari hizo, akangoja aone mtu huyo atafanya nini.

Nassir alifungua yadi.

Suleiman alikwenda siku hiyohiyo. Alipanga kulisema jina mbele ya watu, kwa sauti, mpaka Nassir alirudie. Alimkuta na mteja, Mwalimu Ngala wa Mkongani, mtu mnene mchangamfu aliyeshika karatasi ya kompyuta iliyokunjwa mara nne.

"Hili la bluu," Mwalimu Ngala alikuwa akiuliza, "limetembea kilomita ngapi hasa?"

Nassir alifungua kinywa. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejaribu kusema neno moja na ulimi unasema jingine.

"Zuhura Mbwana Kassim," alisema.

"Nani?"

Nassir alijiziba mdomo kwa mkono. Suleiman alisimama palepale alipokuwa. Alikuwa amekuja na jina moja, na hilo la Zuhura hakupata kulisikia.

"Bwana, nimeuliza kilomita, si jamaa zako." Mwalimu Ngala alicheka, akapiga boneti ya gari la pili. "Haya, na hili?"

"Thoya Karisa Baya," Nassir alisema kati ya vidole. Machozi yalikuwa yakimshuka.

"Na hili dogo la kijivu? Hili ndilo nililoliona kwenye intaneti."

Nassir alitikisa kichwa. Alitikisa sana. Lakini kinywa kilifunguka.

"Mtoto wa Salama. Hakuwahi kupewa jina."

"Mwalimu," Suleiman alisema, "usilichukue gari hilo. Nakuomba. Usilichukue."

Mwalimu Ngala aliwatazama wote wawili kama watu waliokunywa mchana. Akaikunjua karatasi yake, akaigonga kwa ukucha. "Imeandikwa hapa, bwana. Elfu thelathini na mbili. Mimi nimekwisha kulipa hili; hayo mengine nilikuwa nauliza tu." Akaingia, akawasha, gari likaitika mara moja. Alipokuwa akipita langoni Suleiman alimwona amegeuza shingo, akitazama kiti cha nyuma, kama mtu aliyeulizwa jambo.

Vumbi lilipotulia Nassir alikuwa bado amesimama. Hakuna aliyekuwa akimwuliza tena. Alikuwa akipita safu ya magari, moja baada ya jingine, mkono mmoja juu ya kila boneti, akitaja jina la aliyelifia na jina la baba yake. Vijana waliacha ndoo zao, wakasogea mbali.

Suleiman hakuondoka. Hasira yake ilikuwa imepoa, ikawa baridi, na katika baridi hiyo alianza kusikiliza kwa makini, ili asipotewe na hata jina moja.

Na yadi ile ilikuwa na magari mengi.